Habari za Jamaa: Mbwa Mdogo na Mtoto Aliyeficha Jeraha

Leo hatutasema juu ya mambo makubwa ya dunia. Twataka kusema juu ya kiumbe kidogo chenye miguu minne na mkia, kilichoingia nyumbani mwetu hapa Idjwi bila kupiga hodi, kikatufundisha somo ambalo miaka yetu yote ya kusoma na kufundisha haikutufundisha. Somo lenyewe lilitutia aibu. Lakini aibu ya mwalimu ikiwafaa wengine, si hasara kuitangaza.

Ilikuwa jioni ya siku ya soko. Mwana wetu wa pili, mwenye miaka 12, alikuwa ametumwa ufukoni kununua sambaza. Akakawia. Jua lilipokwisha kuzama nyuma ya milima ya bara, tukamwona anapanda njia ya mlimani, kikapu mikononi, akitembea polepole kama mtu aliyebeba mayai. Mama watoto akatazama ndani ya kikapu, akaona masikio mawili.

“Sambaza ziko wapi?” akauliza.

“Ziko chini yake, Mama,” mtoto akajibu. “Zile zilizobaki.”

Mvuvi mmoja wa ng'ambo alikuwa na watoto wa mbwa ndani ya mtumbwi, akawagawia watu bure, kwa maana hakuwa na chakula cha kuwalisha. Basi jioni ile jamaa nzima ilikaa baraza. Ninyi mnaokijua kisiwa chetu mnajua sababu: watu ni wengi, mashamba ni madogo, na kila kinywa kipya ni hesabu. Mama watoto alisema kwamba mbwa hula. Kifungua mimba wetu, aliyekuwa amerudi likizoni, alisema kwamba mbwa hulinda. Binti yetu mwenye miaka 9 hakusema neno. Alikuwa amekwisha kumfunika mbwa kwa kitambaa chake cha kichwa. Kitinda mimba alilia kabla hata hatujakataa.

Tukakubali, lakini kwa masharti. Mwana wa pili atamlisha asubuhi na jioni kabla ya yeye mwenyewe kula. Binti atateka maji yake na kuosha bakuli. Kifungua mimba atamjengea kibanda cha mbao kabla ya kurudi shuleni. Kitinda mimba atafagia mahali pake. Tena tukaweka sheria moja kubwa: mbwa asitoke uani pasipo mtu mzima, wala asifuate watoto njia ya shule. Na sisi, ili sheria ipate nguvu, tukaonyesha kwa kidole fimbo iliyosimama nyuma ya mlango. Fimbo hiyo, wasomaji, mtaisikia tena.

Ikabaki kumpa jina. Mmoja alitaka Simba, mwingine Bobi. Nyanya yao, mama yetu mzazi anayekaa pamoja nasi, alikuwa akichambua maharagwe kando ya moto. Akasema bila kuinua kichwa: “Mwiteni Tutaona. Leo mwampenda wote. Mvua ikinyesha, na maji yako mbali, tutaona nani atampenda.” Wazee wetu walikuwa na desturi ya kumpa mbwa jina lenye neno la kuwaambia watu wa nyumbani, na neno hilo lilitupata sote. Mbwa akaitwa Tutaona.

Usiku wa kwanza alilia mpaka jogoo wa kwanza. Kitinda mimba akauliza analilia nini, tukamjibu kwamba amemwacha mama yake. Kifungua mimba wetu alimcheka. Lakini asubuhi tulikuta fulana yake ya zamani imewekwa ndani ya sanduku la mbwa. Yeye alikwisha kulala usiku wake wa kwanza katika bweni la shule, akajua alichokijua. Tangu siku ile tulianza kuona kwamba mnyama mdogo anaweza kuonyesha yaliyo moyoni mwa watoto, ambayo wao wenyewe hawayasemi.

Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Jumapili moja alitafuna kiatu chetu, nasi tukaenda Misani kwa viatu vya shamba. Aliwafukuza kuku wa jirani, tukalipa yai. Mara mbili mwana wa pili alisahau kumlisha, na mara zote mbili mama yake akamwekea yeye chakula chake mezani, akakaa kimya, akimtazama. Hakuhitaji kusema zaidi. Mtoto aliinuka, akaenda kumlisha mbwa, ndipo akarudi kula. Mtoto anayejifunza kwamba kiumbe fulani kitashinda na njaa yeye akisahau, amejifunza jambo ambalo kitabu cha hesabu hakilifundishi.

Katika nyumba nyingi za kwetu mbwa ni wa nje, tena ni wa kupigwa teke. Watu humtaka alinde usiku, na mchana humtupia mawe. Hata hivyo, wanaokisoma Kitabu cha Tobiti wanakumbuka kwamba kijana Tobia alipoanza safari yake ya mbali pamoja na malaika, mbwa wake alifuatana nao. Kitabu hakisemi kwamba mbwa alifanya jambo lolote kubwa. Kinasema tu kwamba alikuwapo njiani. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya mbwa nyumbani mwa watoto: yupo.

Sasa tuseme tuliyoyafanya vema, halafu tuseme kosa. Tulimpa ugali uliochanganywa na vichwa vya sambaza, wala hatukumpa mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni. Tulimpa dawa ya minyoo, maana minyoo ya mbwa huweza kuwaingia watoto wanaocheza naye udongoni. Tulimkagua makucha, kwani funza hushika mbwa kama wanavyoshika watu. Tuliwaamuru watoto kunawa mikono kwa sabuni kila walipomshika. Twadhani mtu yeyote angetuita wazazi wenye akili.

Lakini jambo moja tulilijua na hatukulifanya. Daktari wa mifugo alikuwa ametuambia waziwazi: mtoto wa mbwa akitimiza miezi 3, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na achanjwe tena baada ya mwaka. Tutaona alitimiza miezi 3. Tukasema: juma lijalo. Juma lililofuata palikuwa na mitihani ya kusahihisha. Lililofuata ziwa lilikuwa na mawimbi. Lililofuata fedha zilikwenda kwenye karo. Hivyo ukapita mwezi, ukapita na nusu.

Siku ya Jumatano binti yetu alirudi kutoka shuleni amevaa sweta, na jua lilikuwa kali. Mama yake akamwuliza, akajibu kwamba anasikia baridi. Alhamisi alivaa tena. Wakati wa chakula alikula kwa mkono wa kushoto, sisi tukamwonya kwa ukali kwamba si adabu. Ijumaa jioni tulisahihisha daftari lake, tukaona mwandiko umeharibika kama wa mtoto wa darasa la kwanza, tukamkaripia kwa uvivu. Wasomaji wapenzi, ishara tatu ziliwekwa mbele ya macho yetu, na kwa kila ishara tulitoa lawama, hatukuuliza swali. Sisi ambao kazi yetu ni kuuliza maswali kutwa nzima!

Jumamosi Nyanya alimwita mjukuu wake aoge. Mtoto akakataa kuvua sweta. Nyanya hakupiga kelele. Alifunga mlango, akaketi naye chini, akamshika miguu, akasema: “Mjukuu wangu, mimi ni mzee, sina nguvu ya kumpiga mtu. Nionyeshe.” Mtoto akavua. Juu ya kiwiko cha kulia palikuwa na matundu manne ya meno, mekundu, yamevimba kidogo.

Nyanya akatuita, sisi na mama yake. Ndipo tukasikia habari yote. Jumatano asubuhi Tutaona alikuwa amepenya chini ya ua, akamfuata binti mpaka karibu na chemchemi. Mtoto alipomwona, aliogopa kurudi nyumbani kwa kuwa sheria imevunjwa. Mara mbwa mkubwa asiyejulikana akatokea migombani. Alitembea kombokombo, mdomo umelegea, mate yanadondoka, wala hakubweka. Akamjia mbwa mdogo. Binti akamnyanyua Tutaona, akamkumbatia juu kifuani, na meno yaliyokusudiwa mbwa yakaingia mkononi mwake. Yule mbwa akaachia, akaenda zake. Mtoto akapangusa damu kwa jani, akavaa sweta, akamrudisha Tutaona uani kwa siri, akaenda shuleni. Wenzake wawili waliona, wakaapa kunyamaza.

“Kwa nini hukutuambia?” tukauliza.

Akatazama mlango, mahali fimbo ilipokuwa. “Baba, nilijua mtanipiga. Na Tutaona mtamtupa ziwani.”

Hatukuwa na la kujibu. Ni kweli tulikuwa tumesema maneno kama hayo, kwa mzaha, kama wasemavyo baba wengi. Mtoto hakuyachukua kwa mzaha.

Tuliosha jeraha kwa maji mengi na sabuni robo saa nzima, ingawa siku tatu zilikuwa zimepita. Tukaenda kwenye kituo cha afya. Chanjo haikuwapo siku ile. Tukampigia simu mwenye mashua, na Jumapili kabla ya mapambazuko mama watoto, binti na sisi tulikuwa juu ya maji kuelekea Bukavu. Misa hatukuisikia siku ile. Ziwa Kivu lilikuwa tulivu, na mtoto alilala mapajani mwa mama yake, nasi tulihesabu siku kwa vidole: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Huko Bukavu mwuguzi alilitazama jeraha, akauliza swali moja la haki: “Kwa nini mmechelewa?” Tukasema ukweli: “Alituogopa.” Yeye hakutulaumu. Alimchoma sindano ya kwanza, akatuandikia tarehe za nyingine zote, akasisitiza kwamba hata moja isikosekane. Tulimwuza mbuzi kwa safari hizo.

Mbwa yule mgeni alikutwa amekufa migombani. Alizikwa bila kupimwa, basi hatutajua kamwe alikuwa na nini. Tutaona alikaguliwa na daktari wa mifugo, hakuonekana na jeraha lolote. Akachanjwa siku ile ile, nasi tukaagizwa kumfunga na kumwangalia kwa miezi kadhaa.

Yafaa sasa tueleze ugonjwa huu, kwa maana wengi hulijua jina lake na hawajui mwendo wake. Kichaa cha mbwa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Hupita katika jeraha la meno, hata katika mkwaruzo uliolambwa. Kikisha kuingia, hufuata mishipa ya fahamu polepole kuelekea ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi 1 hata miezi 3. Pengine juma moja, pengine mwaka. Wakati huo wote mtu huonekana mzima. Hapo ndipo chanjo ina nguvu: huufundisha mwili kupigana kabla adui hajafika mjini. Lakini dalili zikianza, yaani homa, kuwashwa mahali pa jeraha, kuogopa maji, kufadhaika, basi karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana siku moja ya kuficha ni jambo kubwa. Na ndiyo maana pia anayechelewa asikate tamaa: maadamu dalili hazijaanza, aende leo.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote katika Afrika na Asia. Katika kila watu 100 wanaoupata, 99 huupata kwa mbwa. Na katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Sababu si ngumu kuiona. Watoto ndio wachezao na mbwa, ndio watembeao njia za shule, na ndio waogopao kusema.

Zamani hapakuwa na dawa. Huko Ubelgiji, watu walioumwa na mbwa wenye kichaa walikimbilia kwa Mtakatifu Huberti, na jeraha lilichomwa kwa chuma cha moto. Kisha, tarehe 6 Julai 1885, mama mmoja wa Alsace alifika Paris na mwanawe Joseph Meister, mwenye miaka 9, umri wa binti yetu, aliyekuwa ameng'atwa siku mbili kabla. Louis Pasteur alikuwa amejaribu chanjo yake kwa mbwa. Aliogopa, lakini alikubali, na mtoto akachomwa sindano siku baada ya siku. Mtoto akaishi. Tunapofikiri juu ya habari hiyo, hatumfikirii Pasteur peke yake. Twamfikiria mama aliyeambiwa mapema, akaweza kusafiri mapema. Kuomba ulinzi wa watakatifu ni jambo jema. Lakini anayeomba na huku ameiacha sabuni na sindano, anamwachia mtakatifu kazi aliyopewa mzazi.

Wengine watasema: sisi tuko kisiwani, maji yatatulinda. Wasikilize habari za kisiwa kingine, Pemba, katika bahari ya Hindi. Huko wataalamu walifuatilia kichaa cha mbwa tangu mwaka 2010. Mbwa walichanjwa kisiwa kizima mwaka baada ya mwaka, na ilipofika Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Watu wakapumua, kampeni za chanjo zikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje, si mara moja bali mara mbili. Chanjo ikarudishwa kisiwa kizima, na Oktoba 2018 ugonjwa ukaisha tena. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Habari ya Pemba ni habari yetu. Hata sambaza tunazokula hazikuzaliwa katika ziwa hili; zililetwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya miaka 1958 na 1960, na leo zinalisha Kivu nzima. Kitu chema hufika kwa mtumbwi, na kitu kibaya nacho hufika kwa mtumbwi. Tutaona mwenyewe alifika hivyo. Hatukumwuliza mvuvi kama mama ya mbwa wake alichanjwa. Kisiwa kinaweza kujilinda vizuri kuliko bara, lakini watu wa Rubenga kaskazini na watu wa Ntambuka kusini wakiwapeleka mbwa wao pamoja. Mbwa wa mtu mmoja aliyechanjwa peke yake ni ua lenye nguzo moja.

Basi, wazazi na wanafunzi, shikeni mambo haya.

Mosi, mbwa mdogo achanjwe atimizapo miezi 3, na kila mara ipasavyo baadaye. Tarehe iandikwe ukutani, isikae kichwani.

Pili, mtoto asimguse mbwa anayekula, anayelala, wala anayenyonyesha. Akijiwa na mbwa asiyemjua, asikimbie wala kupiga kelele. Asimame kama mti, mikono chini, asimkazie macho, mpaka mbwa aende zake.

Tatu, aking'atwa, aoshe jeraha mara ile ile kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, kisha aende kwenye kituo cha afya. Asipake majivu, pilipili wala mafuta. Jiwe jeusi ambalo watu wetu hulibandika akiumwa nyoka haliwezi kuondoa kichaa cha mbwa.

Nne, mbwa anayejulikana akimng'ata mtu, msikimbilie kumwua. Mfungeni mahali salama, mwangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo, hakuwa na ugonjwa katika mate siku aliyong'ata. Lakini mtu aliyeumwa asingoje siku hizo. Aende kituoni leo, na wauguzi waamue.

Tano, na hili ni la wazazi. Mwambieni mtoto leo, kabla ya jambo lolote kutokea: “Siku utakapoumwa na mbwa, hata kama ulikuwa mahali nilipokukataza, njoo uniambie, nami sitakupiga.” Msemeni mbele ya watoto wote, na siku ikifika, mshike neno lenu. Hatusemi kwamba nyumba iwe haina sheria. Sheria yetu ilikuwa njema, na mtoto aliivunja, tena baadaye tulizungumza naye juu ya kuivunja. Lakini tulikuwa tumeweka kosa la mtoto na uhai wa mtoto katika mizani moja, naye akaona kwamba kuficha ni salama kuliko kusema. Hilo halikuwa kosa lake.

Wasomaji watataka kujua mwisho. Miezi 8 imepita. Binti yetu alimaliza sindano zake zote, na mwandiko wake umerudi kuwa mzuri kuliko wa kaka zake. Juu ya kiwiko pana alama nne ndogo, nyeupe, anazowaonyesha wenzake kwa fahari ambayo hatuipendi sana. Wale wenzake wawili walioapa kunyamaza walikuja nyumbani na wazazi wao. Tuliwapa nanasi, tukazungumza, hakuna aliyepigwa. Tutaona amekuwa mbwa mrefu wa rangi ya udongo, hula kupita kiasi, na hubweka mashua za usiku kama kwamba zote ni za wezi.

Karatasi yake ya chanjo imetundikwa kando ya kalenda. Tarehe ya mwaka ujao imeandikwa humo kwa mkono wa binti, naye hutukumbusha, sisi tuliozoea kusema juma lijalo. Na ile fimbo ya nyuma ya mlango, tuliitafuta siku moja hatukuiona. Nyanya alikuwa ameichukua bila kumwuliza mtu. Imesimama shambani nyuma ya nyumba, na maharagwe yamekwisha kuizunguka mpaka juu.

Jioni hii, kabla ya kuzima taa, waulizeni watoto wenu kama kuna jambo wanaloogopa kuwaambia. Msiwe na haraka ya kujibu.